Maswali Yenu kwa Ami: Chai ya Pu'er, Mbichi na ya Kuvundikwa

SWALI: Assalaamu alaykum Ami. Kakangu yuko kwa biashara Guangzhou, juzi kaniletea keki mbili za chai ya Pu'er, mviringo, ngumu kama tofali, kila moja na karatasi yake. Moja ni kijanikijani, nyingine nyeusi tititi. Nimezipika zote kama chai yetu, maziwa, tangawizi, iliki na sukari. Ile ya kijani watoto wameitema kwa uchungu, na ile nyeusi babangu kainusa tu akasema yanuka ng'onda. Zimeharibika? Na nikimwagiza tena nimwambie alete ipi?
– Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hazijaharibika, zimepikwa sivyo, na sikulaumu manake sote hapa chai twaijua ya kuchemshwa na maziwa mpaka ifure. Majani ya Kericho yamesagwa na yameshageuka rangi kabisa kiwandani, ndio yanastahimili maziwa. Hii yako ni mti wa jamaa hiyohiyo, assamica wa majani makubwa, lakini yatoka Yunnan, kusini magharibi mwa China, na utengenezaji wake ni mwingine kabisa.

Sasa sikiza vizuri hapa. Wajua ngowe lililoachwa mtini mpaka likaiva lenyewe, na lile lililochumwa bichi likavundikwa ndani ya majani na magunia, yote mawili yataliwa lakini ladha si moja na mtu wa Lamu humdanganyi kwa hilo. Pu'er ni vivyo hivyo. Ile ya kijani ni mbichi, Wachina waiita sheng (sio hii sheng ya vijana wetu) na kwenye karatasi utaona herufi 生. Majani huchumwa, yakakaangwa kidogo kwenye karai, yakavingirishwa, yakaanikwa juani, halafu yakatiwa mvuke na kubanwa keki. Kwa vile hayakukaangwa kwa moto mkali bado yana uhai, yaendelea kugeuka polepole miaka kumi, ishirini, yakitoka kijani yakiingia hudhurungi, na ule ukali ukishuka taratibu.

Ile nyeusi ndio ya kuvundikwa, shu, herufi yake 熟. Watu wa Hong Kong walikuwa wanapenda chai iliyokaa sana na kusubiri miaka yote hiyo si biashara, ndipo mwaka 1973 kiwanda cha Kunming kikatengeneza njia ya mkato: majani yanarundikwa, yananyunyiziwa maji, yanafunikwa, lundo linapata joto lake lenyewe ndani, linageuzwageuzwa, kwa mwezi na nusu hivi mpaka miwili. Bas, imetoka nyeusi. Kwa hivyo nyeusi si kwamba ni kuukuu, yaweza kuwa ya mwaka jana tu, na kuna mbichi ya miaka mitatu na kuna ya miaka thelathini, na hizo mbili ukizionja hutodhani ni chai moja.

Babako pua yake iko sawa kabisa. Chai ya kuvundikwa ikiwa changa hubaki na harufu ya lile lundo, na wengi wanaifananisha na samaki. Vunja kipande, kiweke kwenye chungu cha udongo kisichokuwa na harufu, kifunike kwa kitambaa wiki mbili tatu, itapungua sana. Ikiwa baada ya miezi bado yanuka vilevile basi hiyo haikuvundikwa vizuri, usisumbuke nayo. Nzuri yanuka udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, mbao kavu, na kwa mbali tende.

Kuonja, fanya hivi. Kopa mizani ya mtu wa dhahabu upime gramu 5 au 6, bandua kwa ncha ya kisu butu ukiingia ubavuni mwa keki, usiiponde, majani yakisagika yatatoa uchungu wote mara moja. Tia kwenye birika dogo au hata kikombe chenye kifuniko, cha mililita 100 hivi. Maji yawe yametokota. Mimina, mwaga hayo ya kwanza, ni ya kuosha na kuyaamsha majani. Halafu mimina tena, hesabu sekunde kumi tu, toa yote kwenye finjani za kahawa, zile zetu ndogo zinafaa kabisa, kunywa bila sukari. Rudia, kila mara ukiongeza sekunde chache, majani hayohayo yatakupa hata mara nane, kumi. Na maji jamani, maji! Kisima chenye chumvichumvi kitaiua chai yoyote, ukipata ya mvua kutoka jabia, safi, yaliyochemshwa, hapo ndio utaijua.

Ukionja ile mbichi tafuta vitu viwili na usivichanganye, uchungu na ukakasi. Uchungu ni wa kahawa, wa muarobaini. Ukakasi ni wa kanju, wa ndizi mbichi, ulimi unakauka na mashavu yanakazana, sisi wenyewe chai kavu twaiita mkandaa na aliyewahi kutafuna gome la mkandaa ananielewa. Uchungu si aibu kwa sheng. Swali ni je waondoka? Meza, nyamaza, hesabu mpaka thelathini. Kwenye nzuri uchungu unayeyuka na kooni unapanda utamu ambao hukuutia, Wachina wana neno lake, huigan, utamu unaorudi, na mimi mara ya kwanza uliponirudia niliiweka finjani chini nikakaa kimya, manake sikuamini kuwa sikutia kitu. Kwenye mbaya uchungu umekaa palepale na ukakasi umekushika meno hata baada ya dakika tano. Chai za mlima Bulang zinajulikana kwa ukali, za Yiwu kwa ulaini, kote kuwili ni hukohuko Yunnan, kwa hivyo mtu anayeanza ni bora aanze na Yiwu.

Ya kuvundikwa usitafute huo mchezo, haina. Hapo tafuta ulaini na unene mdomoni, kama maji ya wali mazito kidogo, na rangi nyekundu ya kiza lakini ukiinua finjani kwenye mwanga iwe angavu, isiwe tope. Ukimaliza kunywa angalia majani, yawe ya kahawia na yanakunjika kidoleni, yakiwa meusi makavu kama makaa yanamomonyoka basi lundo lilipata joto kupita kiasi.

Sasa umwagize ipi? Nyumba yenu ni ya kula pilau na biriani, mwambie alete ya kuvundikwa ya miaka mitano au zaidi. Huko Guangzhou wenyewe wanaiita bolei na wanainywa na vyakula vya mafuta, na baada ya futari hakuna kitu kinachokaa vizuri tumboni kama hiyo, hayo ni maoni yangu na nayashikilia. Kwako wewe binafsi alete na kipande kidogo cha mbichi, gramu 50 zatosha, ujifunze nacho. Soko la Fangcun liko hukohuko Guangzhou, ni kubwa mno, na wauzaji wanampikia mtu aonje kabla ya kutoa pesa, asione haya kukaa chini na kuonja.

SWALI: Ami, kuna mtu onlaini ananiuzia keki imeandikwa 7542, anasema hiyo 75 ni mwaka 1975 na kwa shilingi elfu nne ananifanyia hisani. Ninunue?
– Dada wa Malindi

JIBU: Usinunue dada yangu. 75 ni mwaka wa mchanganyiko ule, yaani risipi, sio mwaka chai ilipobanwa. Ile 4 ni daraja la ukubwa wa majani, na 2 ya mwisho ni kiwanda, Menghai. Keki ya 7542 yaweza kuwa imetoka mwaka juzi na bado ikaitwa 7542, na chai ya 1975 ya kweli hainunuliwi kwa elfu nne. Ama hajui anachouza au anajua sana, kwa vyovyote pesa zako ziokoe. Bei za Pu'er zilipanda kichaa mpaka 2007 zikaanguka, na hata wafanyabiashara wa hukohuko China waliumia, kwa hivyo usikubali kuvutwa na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi. Omba gramu 25 za kuonja kwanza. Akikataa, muache.

SWALI: Nasikia inapunguza tumbo, kweli?
– Kijana, Malindi

JIBU: Ni chai mwanangu, si dawa. Ina kafeini, usiinywe usiku ukakosa usingizi.

SWALI: Shikamoo Ami. Nina keki ya mbichi nataka niiweke miaka, nyumba yetu ya zamani ina zidaka ukutani, naweza kuiweka humo?
– Binti, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Zidaka ni pazuri kwa kuwa hapana jua, na napenda fikra yako, humo ndimo wazee walikuwa wakipanga vyombo vya kichina. Lakini joto letu na unyevu wa bahari vinaiharakisha chai, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 75 siku nyingi ukungu utaingia. Nunua kile kijisaa cha kupimia unyevu, jaribu kukaa kati ya 60 na 70. Msimu wa mvua ndefu itoe kidakani, itie kwenye debe safi la bati lililokauka ufunike, kaskazi ikirudi na ukavu wake irudishe. Friji hapana. Na udi! Chai inanyonya kila harufu, mkifukiza chumba kile Ijumaa basi Jumamosi utakunywa udi, kwa hivyo tafuta chumba kisichofukizwa, mbali na jiko pia. Iangalie kila mwezi, na ukiona manyoya ya ukungu, meupe au ya kijani, yameingia mpaka ndani ya keki, usikwangue ukanywa, itupe.