Uliza Ujibiwe: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hivi ni kweli?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama, niko Majengo hapa Moshi. Mwezi huu nilienda Arusha nikanunua friji ya nyumbani laki sita na nusu, nikamwambia muuzaji kabisa nataka ya kugandisha nyama, akasema hii ni mpya na inagandisha mpaka mawe. Imekaa siku tisa ikaacha kugandisha. Nikaita fundi wa hapa mtaani akaangalia nyuma akasema mama hii kompresa ilishachomelewa, hii friji imetumika. Nimempigia muuzaji ananijibu soma ukutani kwangu na chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya mashine ninayo. Ndo nimeshaliwa?

JIBU: Mama yangu hujaliwa, na pole sana, laki sita na nusu si hela ya kuokota.

Kwanza hilo tangazo la ukutani. Limebandikwa karibu kila duka kuanzia huko Moshi mpaka huku Arusha mpaka watu tumelizoea tunadhani ni sheria ya nchi, si sheria. Ni karatasi ya mwenye duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile Sura ya 214, inasema kuna masharti yanaingia kwenye mauzo yenyewe hata kama hamkuyatamka: kitu kifanane na kilivyoelezwa, kiwe na ubora wa kuuzika, na kama ulimwambia muuzaji unataka cha kazi gani ukategemea ujuzi wake basi kifae kazi hiyo. Wewe ulisema nyama, yeye akasema mpya. Yote mawili yamegoma. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, hii ndo inamkaba zaidi, inakataza kumdanganya mnunuzi kwamba kitu ni kipya wakati kimetumika, na kwa mtu kama wewe uliyenunua kwa matumizi ya nyumbani na si kwenda kuuza tena, yale masharti ya msingi muuzaji hawezi kuyafuta kwa kuandika sentensi moja chini ya risiti.

Sasa nisimwonee mwenye duka, kuna siku tangazo lake lina haki. Umenunua gauni pale soko la Memorial umefika nyumbani rangi haikupendezi, au umekuta friji hiyo hiyo bei nafuu duka la jirani, hapo hana deni na wewe, akikubadilishia ni utu wake tu. Au ulikagua ukaona kabisa mlango umebonyea ukanunua hivyo hivyo, huwezi kurudi kulalamikia mlango. Ila ubovu uliofichwa ndani ya kompresa ungeuonaje mama? Usingeuona.

Kitu kinachonitia wasiwasi kwako ni muda. Sheria inamtaka mnunuzi aseme mapema, ukikaa na kitu muda mrefu kimya unahesabika umekikubali, na hapo unabaki kudai fidia tu badala ya kukikataa. Simu umepiga ni sawa ila simu haiachi alama. Leo hii andika ujumbe, hata wa WhatsApp, taja tarehe ya kununua, namba ya risiti, kilichoharibika, kisha sema wazi kwamba friji umeikataa na unataka hela yako au friji nyingine mpya kweli, umpe siku kadhaa za kujibu. Na hiki watu wengi hawakijui, hulazimiki kubeba friji mgongoni kuirudisha Arusha, kumjulisha kwamba umeikataa kunatosha kisheria, labda kama mlikubaliana vingine. Wewe itunze tu isiharibike zaidi na usiendelee kuitumia.

Halafu nakuomba sana, huyo fundi asiiguse tena. Muuzaji wa namna hiyo nimeshawasikia wanavyojitetea, atasema fundi wako ndo kaichomelea, au uliilaza kwenye gari toka Arusha ndo maana imekufa. Piga picha ile sehemu iliyochomelewa, piga picha namba ya friji, fundi akuandikie alichokiona aweke na tarehe. Muuzaji akigoma peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, FCC, hao ndo kazi yao kumlinda mlaji, na hela yako unaweza kuidai Mahakama ya Mwanzo, pale kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unajieleza mwenyewe.

Na hongera kwa kudai risiti aisee. Mimi miaka ya nyuma nilinunua pasi duka moja hapa Arusha, muuzaji akaniambia bila risiti nakupunguzia elfu tatu, nikaona dili. Wiki ile ile ikanipiga shoti, nimerudi akanitazama usoni akasema dada hii hukununua kwangu. Sikuwa na cha kuonyesha, nilirudi nyumbani nalia njiani kwa hasira. Elfu tatu ilinigharimu pasi nzima.

SWALI: Mimi mkulima wa viazi huku juu ya Ngaramtoni. Madalali wanakuja shambani wanataka gunia la lumbesa, ukikataa wanaenda kwa jirani. Hivi hakuna sheria?

JIBU: Ipo kaka, na inaniuma kwamba mpaka leo unauliza hivyo. Kwa sheria ya vipimo gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lumbesa, yaani ile kofia inayoshonewa juu ya gunia, ni kosa. Hesabu nawe. Bei ya gunia mmepatana elfu sitini, yaani kilo ni 600. Dalali akijaza mpaka kilo 130, zile 30 za juu umempa bure, ni elfu kumi na nane kwa gunia moja, kwa magunia ishirini laki tatu na elfu sitini imepanda gari mbele ya macho yako, na ile mbegu na dawa ulinunua kwa hela taslimu. Hapo sijamtaja kijana anayelibeba mgongoni kushusha sokoni Kilombero.

Kwa nini jirani anakubali? Kwa sababu kila mmoja anauza peke yake na viazi vinaoza. Mkulima mmoja akikataa ni kweli dalali anahama, ila mkipatana hata watu kumi wa kitongoji kimoja mkanunua mizani moja, mkaipeleka Wakala wa Vipimo, WMA, ikahakikiwa na kuwekwa stika, mkauza kwa kilo tu, atazunguka wapi? Uhakiki unarudiwa kila mwaka msisahau. Na dalali anayekuja na mizani yake mwenyewe, mwombe kwanza akuonyeshe stika ya mwaka huu, hana stika mizani yake usiikubali. Anayelazimisha lumbesa chukua namba ya gari mripoti WMA, wana ofisi mikoani, Arusha ikiwemo.

Na akina mama mnaonunua kwa sado na debe sokoni, nawasihi mwangalie kitako cha kopo, kuna makopo yamegongwa kwa ndani, unadhani umejaziwa kumbe chini kuna kilima. Kama muuzaji ana mizani mwambie akupimie kwa kilo.

SWALI: Supamaketi moja huku Sakina rafuni imeandikwa 4,500, kaunta wanakata 5,200. Nifanyeje?

JIBU: Kudanganya kuhusu bei ni moja ya makosa yaliyotajwa kwenye ile ile Sheria ya Ushindani. Piga picha rafuni kabla hujafika kaunta, waonyeshe, wakikataa bei ya rafuni wewe acha bidhaa yao, huwezi kuwalazimisha wakuuzie, na picha itume FCC. Kama umeshalipa ukagundua nyumbani, rudi na risiti siku hiyo hiyo kabla hawajabadilisha kile kikaratasi cha bei.