Kuhama seva ya Mastodon bila kupoteza wafuasi

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama unaweza kuihama seva yako ya Mastodon (mtandao wa kijamii unaoendeshwa kwa seva nyingi zinazojitegemea), ambayo msimamizi wake ametangaza kuifunga, bila kupoteza wafuasi na maandishi yako. Wafuasi utaondoka nao. Maandishi hayahami, kwa hiyo anza na hayo leo hii, seva ikiwa bado iko hewani.

Ingia kwenye mipangilio, uombe nakala ya kumbukumbu zako, kisha upakue pia faili la CSV (faili la orodha kwa umbo la jedwali) la watu unaowafuata wewe, kwa sababu orodha hiyo haihami yenyewe na utalazimika kuipakia upya kule uendako. Baada ya hapo fungua akaunti mpya, na ukiwa ndani ya akaunti hiyo utaje kwanza anwani ya ile ya zamani, kwa umbo la @jina@seva, ndipo urudi kwenye ya zamani na kuamuru uhamisho. Anayeanzia kwenye ya zamani hukwama, kwa kuwa mfumo haukubali uhamisho ambao akaunti inayopokea haijauidhinisha. Seva zote mbili sharti ziwe zinafanya kazi wakati huo, hivyo tafadhali usingoje siku ya mwisho.

Kuhusu ujumbe wa faragha, nakusihi usimtumie mtu nywila wala picha ya kitambulisho kwa njia hiyo: ujumbe huo haujasimbwa ili usomwe na ninyi wawili tu, na msimamizi wa seva, yako au ya mwenzako, anaweza kuusoma.