Gumba linanata kwenye tufe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tangu mwaka jana nacheza bolingi, ule mchezo wa kubingirisha tufe kuangusha pini, na wenzangu wa kazini kila Ijumaa jioni. Tufe langu ni la pauni 8, nalibana kweli lisiniponyoke, lakini kila nikiliachia linatua kwa kishindo, na gumba limeota sugu. Mwenzangu mmoja ananiambia nikunje kiganja. Nifanyeje? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Marahaba. Umejijibu uliposema "nalibana". Ukibeba ndoo ya maji huufinyi mpini. Mkono unaning'inia, vidole vimeshika tu. Tufe nalo ni vivyo hivyo. Gumba likijikunja ndani ya tundu linachelewa kutoka, unalipandisha tufe hewani, ndipo gumba linajichomoa. Lazima tufe lidondoke puu!

Ila kabla ya kuulaumu mkono, tazama tundu. Matufe mepesi ya kuazima mara nyingi yana matundu madogo, maana wanaoyatumia zaidi ni watoto. Nashuku hilo la pauni 8 linakubana. Jaribu la 10, hata la 12. Chomeka gumba mpaka shinani, lizungushe: liguse kuta kidogo, litoke bila kuvutwa. Kidole cha kati na cha pete viingie mpaka pingili ya pili.

Mimi nililipuuza hilo siku moja, mbele ya wakwe. Gumba likagoma, tufe likanivuta, nikavuka mstari wa kuachilia tufe na kulala kifudifudi kwenye njia linamobingirika. Na njia ile hupakwa mafuta. Suruali haikutakata tena.

Sasa kuachia. Mkono ukipita kifundo cha mguu, gumba litangulie kutoka, kisha vidole viwili vifuate, na umalizie mkono ukiwa mbele kama unayemsalimia mtu. Tufe uliteleze sakafuni, usilirushe. Pini ziko mita 18 mbali, ziache. Kodolea mishale iliyochorwa kwenye njia, na kama unatumia mkono wa kulia, anza na wa pili kutoka kulia.

Kukunja kiganja? Mwambie huyo mwenzako asubiri. Kiganja kikae kimenyooka mpaka gumba lizoee kutoka lenyewe.

Ijumaa hii wahi kabla yao, simama karibu na mstari bila kutembea, uachie mara kumi bila kuhesabu pini. Na sugu ikipasuka, pumzika wiki nzima, hata kama watakosa mtu wa nne.