Wifi hana ugomvi na gita

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mstaafu wa miaka 61, naishi Mikindani. Ujanani nilipiga solo kwenye bendi, nikaacha nilipooa. Mwaka huu nilipopata kiinua mgongo nikanunua gita la nyuzi za chuma nirudie fani yangu. Mke wangu kaja juu. Anasema namnyima usingizi na gita lenyewe halina sauti. Yeye ana vitumbua vyake vya asubuhi, mimi sijawahi kuviingilia. Juzi kahamia chumba cha watoto. Naona ni wivu wa mambo ya zamani. Uzi wa kwanza ulikatika, nikafunga mshipi wa kuvulia. Vidole vinauma, na gita kila nikilityuni linapotea tena, ingawa nimelitundika vizuri ukutani pale dirishani. Nimwambieje anielewe? – Mstaafu, Mikindani*

Marahaba. Pole kwa vidole, kaka, na hongera kwa kulirudia gita. Miaka 61 haizuii mtu kupiga. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kila ushahidi ulioleta unamtetea wifi.

Wivu wa nani, baada ya miaka yote hiyo? Mpika vitumbua anaamka saa kumi alfajiri, na wewe hukuthubutu kuandika unapiga saa ngapi. Unapiga usiku, tena chumbani. Halafu umeandika "nikanunua", si "tulinunua". Kama mngekaa mkakubaliana ungelitaja hilo la kwanza. Hela ya kiinua mgongo mliilea wote wawili: wewe kazini, yeye kwa kuziba mapengo mshahara ulipochelewa. Ndoa nyingi siku hizi zinavunjika kwa vitu vidogo vilivyonunuliwa kimya kimya. Mwanamke hakasirikii kitu, anakasirika kwamba amekiona kimeshaingia ndani. Wanaume mnaita huo ukorofi, na wanawake nao wanajibu kwa kuficha za kwao, mwisho nyumba moja ina mifuko miwili isiyosalimiana. Mtajie bei halisi leo hii, na umwombe radhi kabla hujashika gita.

Sasa hilo la "halina sauti". Wifi kasema kweli tupu. Mshipi ni nailoni, na gita lako ni la chuma. Nailoni inavutika kwa siku kadhaa kabla haijatulia, kwa hiyo uzi wa kwanza utashuka kila ukiutyuni, na hata ukitulia utalia hafifu kuliko wenzake watano. Nunua seti nzima ya nyuzi za chuma, nyembamba, ile inayoanzia namba 10 ya unene badala ya 12, vidole vitakushukuru. Badilisha uzi mmoja mmoja, usifungue zote kwa pamoja. Kila uzi uzunguke ufunguo (kile kijiti cha kukazia uzi) mara mbili au tatu, kisha uuvute taratibu kwa vidole, utyuni, uuvute tena, mpaka uache kushuka. Kama huna programu ya kutyuni kwenye simu, njia ya zamani ipo: uzi wa 6, ule mnene kuliko zote, ukibonyezwa freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) ulingane sauti na wa 5 mtupu, yaani usiobonyezwa, wa 5 na wa 4 vivyo hivyo, wa 4 na wa 3 vivyo hivyo. Wa 3 ndio unaokosesha wengi: ubonyeze freti ya 4, siyo ya 5, kupata wa 2. Kisha wa 2 freti ya 5 ukupe wa kwanza.

Na lishushe dirishani. Upepo wa bahari wa hapo Mikindani una chumvi, unakula chuma, na jua la mchana linalegeza gundi ya daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo la gita. Kila ukimaliza, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini, kisha gita liingie kwenye mfuko wake na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu vidole: maumivu ya ncha ni ya kawaida, ngozi inakomaa ndani ya wiki tatu nne. Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi si ya kawaida. Ukiyasikia weka gita chini. Lakini pima kwanza nyuzi zimeinuka kiasi gani. Weka rula kwenye freti ya 12: kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa 6 pawe kama milimita 2.5. Ukikuta 4, hata kijana angeumia. Dawa yake ni kile kijipande cheupe kinachosimama darajani. Kitoe, ukisugue upande wa chini juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Kushusha milimita 1 pale freti ya 12 unapunguza milimita 2 za kijipande, kidogo kidogo, kwa sababu ukizidisha nyuzi zitaparaza kwenye freti na itabidi mchongaji akukatie kingine cha mfupa wa ng'ombe. Ukiona daraja limeinuka, usiguse, peleka kwa fundi.

Piga dakika 15 asubuhi wifi akiwa sokoni, na 15 alasiri. Usiku ukizidiwa na hamu, pachika kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja.

Halafu acha solo kwa sasa. Katika dansi letu solo inategemea ridhimu na besi. Ukiipiga peke yako nyumbani, wifi anasikia noti nane zilezile saa nzima bila wimbo. Hata mke mwenye subira ya kuchambua mchele angehama. Anza na ridhimu: kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G, ukibadilisha kwa dakika moja bila kusimama. F ipige kwa nyuzi nne nyembamba tu, wa 4 hadi wa 1, hiyo ya kubana zote sita isubiri. Ukiweza kwenda wimbo mzima bila kukatika, muulize wifi anaupenda upi, na uimbe naye. Sauti yake ikiwa juu kuliko yako, bana kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2 au ya 3; mkono utabaki kwenye kodi zilezile.