Maswali na Majibu: Fungua Wavu Kabla ya Kufungua Mkoba

Barua nyingi safari hii ni za vijaluba vya siki vya Kiingereza, vile wenyewe waviitavyo vinaigrette: kisanduku cha fedha cha sentimita tatu au nne, ndani kimechovywa dhahabu, na chini ya kifuniko kuna wavu wenye bawaba unaobana sifongo iliyolowa siki ya manukato. Tuendelee.

Kijaluba changu kina mhuri wa nanga. Je, kilikuwa cha baharia?

Hapana. Nanga ni mhuri wa Birmingham, mji ulio mbali na bahari, na unapigwa huko tangu 1773. Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lile lile.

Ninauziwa kijaluba chenye picha ya kasri la Windsor kwenye kifuniko. Mwenye mali anasema ni kazi ya Nathaniel Mills, na bei ni kubwa. Nitajuaje kama ni cha kweli?

Kwanza acha kulitazama kasri. Hilo ndilo chambo. Mills wa Birmingham alitoa vijaluba vingi vya aina hiyo miaka ya 1830 na 1840, vya Windsor, Warwick, Kenilworth, Abbotsford. Kwa kuwa kifuniko chenye kasri huuzwa bei mara kadhaa ya kile cha mistari mitupu, wapo waliobandika makasri juu ya vijaluba vya kawaida.

Kijaluba ni vipande vitatu: kitako, kifuniko na wavu. Anza na wavu. Ufungue kwa ukucha, si kwa kisu, kisha chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Mihuri kamili huwa ndani ya kitako au ya kifuniko: simba anayetembea, nanga, herufi ya mwaka, kichwa cha mfalme au malkia, na herufi za sonara. Kwenye wavu kwa kawaida utakuta simba na herufi za sonara tu. Wavu ukisema N.M, herufi za Mills, na kitako kikataja sonara mwingine, hiyo ni ndoa ya mkeka ya vijaluba viwili, na wewe ndiye unayetakiwa kulipa mahari.

Kichwa nacho kinasema. Kilipigwa kuanzia 1784 hadi 1890 kuonyesha kuwa kodi imelipwa. Malkia Victoria anatazama kushoto. Wafalme waliomtangulia, tangu 1786, wanatazama kulia. Malkia alishika kiti 1837, basi herufi ya mwaka ikisema 1833 na kichwa kikawa cha mwanamke, mshukuru muuzaji uondoke.

Sasa pumulia kifuniko kama anayesafisha miwani, ukikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mvuke ukitanda, mahali palipolehemiwa hujitokeza kwa rangi nyingine kwa sekunde chache tu, kwa hiyo rudia mara tatu nne. Mstari wa lihamu peke yake si hatia, maana picha nyingine ziliungwa hivyo karakanani tangu mwanzo. Hatia ni lihamu ya risasi, ya kijivu na iliyofurika juu ya nakshi. Halafu tazama upande wa ndani wa kifuniko, chini kabisa ya kasri. Moto wa kulehemu huunguza dhahabu ya upande wa pili. Ukiona doa pale, au dhahabu mpya inayong'aa kifunikoni huku kitako kimechakaa, kuna mtu amepita hapo.

Na kwa vile kuna atakayeuliza kuhusu vijaluba vya Nelson, yule amirali wa Uingereza, vile sonara Matthew Linwood alivyovitoa kwa ajili ya vita vya baharini vya Trafalgar, 1805, wavu wake ukiwa na Victory, meli ya Nelson: kanuni ni hizo hizo, ila shaka izidishwe.

Nilikisugua kwa dawa ya meno, kimeng'aa vizuri, lakini umanjano wa ndani umepungua. Nifanyeje urudi?

Haurudi. Dawa ya meno ina unga unaokwaruza, na dhahabu ile ni ngozi nyembamba iliyowekwa kwa zebaki na moto. Haikuwekwa kwa urembo tu: siki hula fedha, na dhahabu ndiyo kinga. Ukikipeleka kwa sonara akichovye upya kwa umeme, utapata umanjano wa limau ulio sawasawa kila pembe, na mnunuzi mjuzi atautambua akiwa bado mlangoni. Kiache hivyo hivyo.

Wengine msije na soda na karatasi ya alumini. Huondoa weusi wote, hata ule wa ndani ya nakshi unaofanya picha ionekane, na maji hubaki kwenye bawaba. Kitambaa cha pamba chenye maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo kinatosha, mara moja kwa mwaka. Kausha, kiache wazi usiku kucha. Kisha kifunge kwa karatasi isiyo na asidi, usitumie raba wala sufu, kwani vina salfa inayoleta weusi. Mlio mwambao, wekeni na kipakiti cha kunyonya unyevu.

Nifute herufi za jina zilizochongwa kifunikoni?

Usifute. Unapunguza unene wa fedha, na kidole gumba kitabonyea hapo.

Changu hakina wavu. Muuzaji alisema ni kijaluba cha ugoro.

Huenda. Angalia ndani ukingoni, upande wa bawaba kubwa: ukikuta visiki vidogo vilivyokatwa au alama ya lihamu, wavu ulikuwepo ukang'olewa. Thamani imeshuka sana. Wala usitengenezewe mwingine kimya kimya. Sheria ya Uingereza ya 1973 inafanya kuwa kosa kuongeza kitu kwenye fedha iliyopigwa mhuri bila idhini ya ofisi ya mihuri.

Chupa ya manukato yenye vifuniko pande mbili, kizibo cha kioo kimenasa.

Usitumie maji ya moto: kola ya fedha mara nyingi imeshikizwa kwa plasta ya jasi, nayo italegea, au kioo kipasuke. Tia tone la mafuta mepesi kuzunguka kizibo, acha saa 24, kisha gonga taratibu kwa kijiti cha mbao, upande huu na ule. Kikigoma, ongeza mafuta, subiri siku nyingine.

E.P.N.S. ni sonara gani?

Si sonara. Ni tangazo kuwa chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha kwa umeme. Kama uliuziwa kuwa fedha, kirudishe kabla risiti haijapauka.