Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, kadi ya kliniki isikae kabatini

UVIKO-19 ilipoingia nchini Machi 2020, huku kwetu Ujiji, Kigoma, kila kibaraza kiliwekwa ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Tulinawa kwelikweli. Lakini watoto wengi ninaowajua hawakulazwa na kirusi hicho. Waliumizwa na mambo tuliyoyaacha kwa hofu, la kwanza likiwa kliniki.

"Mama, huko zahanati ndiko uliko ugonjwa wenyewe," ndivyo tulivyoambiana kisimani, na kadi zikabaki kwenye mifuko ya nailoni juu ya kabati. Wakati huo mtoto anadaiwa Penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano) ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua-rubella ya miezi 9 na ya 18. Na si Kigoma tu. WHO na UNICEF walieleza kuwa mwaka 2021 watoto milioni 25 duniani walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Surua nayo haina subira: ikiingia kwenye nyumba, karibu watu 9 kati ya 10 wasio na kinga wanaipata.

Kwa hiyo ndugu yangu, nenda. Muulize mhudumu wa afya wa mtaa siku ya chanjo, wahi asubuhi, vaa barakoa, kaa nje chini ya mti hadi uitwe. Hata kama tarehe imepita, usione haya. Muuguzi ataendelea pale mtoto alipoishia.

La pili ni hofu ya watoto wenyewe, na hili naliona zito kuliko tunavyolichukulia. Shule zilifungwa Machi 17, zikafunguliwa Juni 29. Miezi yote hiyo watoto walikuwa sebuleni wakisikiliza habari za vifo tulizokuwa tukisomeana kwenye simu. Mtoto wa dada yangu, darasa la pili, alirudia kukojoa kitandani. Usiku alikuwa akiamka, anamwekea bibi yake kiganja kwenye paji la uso, anasikilizia kama kuna joto. Hakuna aliyemtuma.

Dada yangu hakumchapa. Alimkalisha, akamwambia ugonjwa upo, unaambukizaje, na yeye afanye nini. Akampa kazi ya kujaza ndoo ya kunawia kila asubuhi. Kidogo kidogo akatulia. Mweleze mtoto ukweli unaolingana na umri wake, na habari za misiba zizungumzwe akiwa hayupo.

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke: usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria la maji yanayochemka. Maji yakimwagika anaungua vibaya.

Chakula je? Mimi nauza dagaa, na kipindi kile wateja walipotea, najua mfuko unavyobana. Ukipunguza matumizi, gusa vingine kwanza. Uji wa mdogo ubaki na dagaa wa kusaga na mafuta kidogo.

Na mabinti. Shule ikifungwa muda mrefu, wapo wanaobeba mimba na wanaoozwa. Jua binti yako anashinda wapi na kwa nani. Aliyejifungua naye asifichwe jikoni: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni. Mpeleke wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na mtoto wake mlee nyumbani akiwa darasani.