Kutambua mgomba wa Kampala kwa ua na mkia wa mkungu

Aliyeuliza alinunua miche ya migomba ya aina ya Kampala kando ya barabara huko Ruiru, Kenya. Sasa migomba imetoa ua, naye anashuku aliuziwa kitu kingine, anauliza atajuaje. Kibandiko kinataja jina la kisayansi, Musa sapientum.

Kibandiko kitupe. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliandika Musa paradisiaca mwaka 1753 na Musa sapientum mwaka 1759 akidhani ni spishi mbili, kumbe zote ni machotara wa Musa acuminata (A) na Musa balbisiana (B). Tangu watafiti Simmonds na Shepherd watoe mfumo wao mwaka 1955, ndizi za kuliwa hupangwa kwa herufi, kila herufi ikiwa seti moja ya kromosomu (vibeba urithi) ya asili ya mzazi huyo. Kampala, yaani Gros Michel, ni AAA. Matoke pia AAA, mkono wa tembo AAB, bokoboko ABB, muraru AA. Zenye seti tatu ni tasa, ndiyo maana hukuti mbegu.

Herufi zenyewe husomwa mgombani kwa sifa 15, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5. Chungulia mfereji wa kikonyo cha jani: kingo zikiwa wazi au zimelala nje, hiyo ni A, zikikunjamana na kukaribia kukutana, ni B. Kisha tazama maganda ya ua, yaani yale yanayofunika maua machanga. La A huchongoka, na likishafunguka hujiviringisha nyuma. La B ni pana, ncha butu, ndani jekundu la kukoza, na huinuka tu bila kujiviringisha. Madoa meusi mengi kwenye shina ni dalili ya A pia.

Ila kwa swali hili herufi hazitakusaidia, maana Cavendish, aina nyingine ya ndizi inayofanana na Kampala, nayo ni AAA! Hapo angalia ncha ya ndizi: ya Kampala hupungua ghafla mithili ya shingo ya chupa, ya Cavendish ni butu. Halafu shuka kwenye mkia wa mkungu, kati ya chane ya mwisho na ua. Wa Kampala huwa mtupu, maua dume yameshapukutika. Cavendish fupi hubaki na maua na maganda makavu yamening'inia. Kimo kisikudanganye. Unachoita shina ni maganda ya majani yaliyofumbatana (shina halisi liko ardhini), na baridi ya Julai au udongo duni hulidumaza.

Ikithibitika ni Kampala, jani la chini likianza kuwa njano na kuvunjikia kwenye kikonyo, kata shina mkingamo. Nyuzi za kahawia au nyekundu ndani ni mnyauko wa Panama, ugonjwa wa kuvu, aina ya kwanza, ambayo Cavendish huihimili. Usitoe chipukizi hata moja hapo, na usirudishe Kampala shimo hilo, kwa sababu kuvu hukaa udongoni miaka mingi. Mche mpya chukua kwa mgomba mama ambao umeuona mkungu wake, chipukizi la majani membamba kama upanga. Lenye majani mapana likiwa bado dogo halijashikana vizuri na tunguu (shina la ardhini) la mama, na hukua kwa unyonge.